Namibia ina watu wangapi, na kwa nini takwimu zake hazikubaliani

Tarehe 1 Julai 2025 Benki ya Dunia iliitoa Namibia kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha juu na kuirudisha kwenye kundi la kipato cha kati cha chini. Aliyesikia habari hiyo juujuu alidhani uchumi umeanguka. Haukuanguka. Sekta ya madini ilikuwa na mwaka mbaya, ni kweli, lakini sababu nyingine ilikaa upande wa pili wa hesabu: watu walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Kipato cha wastani ni kugawanya tu. Unachukua kipato cha nchi nzima kwa mwaka, unakigawa kwa idadi ya watu. Kwa muda mrefu majedwali ya kimataifa yalikuwa yakigawa kwa watu milioni 2.6 hivi. Sensa ya 2023 ikaja na watu 3,022,401. Kipato kilekile kikigawanywa kwa milioni 3.02 badala ya milioni 2.65, fungu la kila mtu linapungua kwa kama asilimia 12, bila mgodi kufungwa wala ng'ombe kufa. Mlango wa kundi la juu mwaka huo ulikuwa dola 4,496 kwa mtu, na nchi iliyosimama karibu na kizingiti haihitaji msukumo mkubwa ili itoke nje.

Fujo ya aina hii inajirudia karibu kila Namibia inapotajwa. Nchi ina watu 3.7 kwa kilomita ya mraba, inaongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, nusu yake iko mijini. Namba zote hizo zimepatikana kwa kugawanya kitu kwa kitu, na anayezinukuu mara nyingi hajauliza kilichogawanywa ni nini na kimegawanywa kwa nini.

Sensa, makadirio na maoteo

Maneno haya matatu huchanganywa, kwa hiyo tuyatenganishe kabla ya kwenda mbali.

Sensa ni kuhesabu watu kaya kwa kaya. Kipimo cha Namibia ni mahali mtu alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mnamibia aliyelala Cape Town usiku huo hahesabiwi. Mwangola aliyelala Oshikango anahesabiwa. Uraia haumo kwenye kipimo.

Makadirio ni hesabu ya mwaka ambao haukuwa na sensa. Unachukua sensa ya mwisho, unaongeza waliozaliwa, unatoa waliofariki, unaongeza waliohamia na kutoa waliohama. Maoteo ni hesabu hiyohiyo ikisukumwa kwenye miaka ijayo, na hapo inabidi udhanie: wanawake watazaa watoto wangapi, watu wataishi miaka mingapi, wangapi watavuka mpaka. Dhana ikikosewa kidogo mwaka wa kwanza, kosa halikai palepale. Linazaana.

Namibia huru imefanya sensa nne: 1991 (watu 1,409,920), 2001 (1,830,330), 2011 (2,113,077) na 2023 (3,022,401). Ya nne ilitakiwa kufanyika 2021, ikaahirishwa kwa sababu ya korona na uhaba wa fedha. Kwa hiyo tangu Agosti 2011 hadi Septemba 2023, karibu kila namba uliyoisoma kuhusu watu wa Namibia, iwe ya Umoja wa Mataifa, ya Benki ya Dunia au ya tovuti yoyote, ilikuwa makadirio au maoteo yaliyojengwa juu ya sensa ya 2011. Toleo la 2022 la maoteo ya Umoja wa Mataifa liliiweka Namibia kwenye watu milioni 2.6 kwa mwaka 2023. Toleo la 2024 limeusogeza mwaka huohuo mmoja hadi karibu milioni 3, na kurekebisha hata miaka iliyotangulia.

Tovuti nyingi hazijafuta toleo la zamani. Ukikutana na milioni 2.6, tazama kwanza mwaka wa toleo, si mwaka ulioandikwa juu ya jedwali. Na usichanganye matoleo mawili kwenye mchoro mmoja: ukichukua 2020 kutoka toleo la zamani na 2023 kutoka sensa, utaona nchi imeruka kwa watu laki tano ndani ya miaka mitatu, jambo ambalo halikutokea.

Hao wengine wametoka wapi?

Hapa ndipo penye utamu, na ni vizuri mtu akae na kikokotoo cha simu.

Kupata kiwango cha ongezeko kati ya sensa mbili, gawanya ya mwisho kwa ya kwanza: 3,022,401 kwa 2,113,077 ni 1.43. Bonyeza kitufe cha «ln»; utapata 0.358. Gawanya kwa miaka 12, jibu ni 0.0298, yaani asilimia 3.0 kwa mwaka. Wengi hukosea kwa kuchukua ongezeko lote la asilimia 43 na kuligawa kwa 12, wakapata 3.6. Hiyo si sahihi kwa sababu kila mwaka ongezeko linahesabiwa juu ya watu wa mwaka uliopita, ambao tayari wameongezeka.

Fanya hivyohivyo kwa sensa zote na utapata hivi: 1991 hadi 2001, asilimia 2.6 kwa mwaka. 2001 hadi 2011, asilimia 1.4. 2011 hadi 2023, asilimia 3.0. Mstari unashuka kwa kishindo kisha unapanda kwa kishindo.

Idadi ya watu haina tabia hiyo. Ni kitu kizito. Kinageuka polepole kama meli kubwa, isipokuwa kuwe na vita, njaa au wimbi la wakimbizi. Basi kuna maelezo matatu yanayowezekana, na yote yana ukweli kiasi.

La kwanza ni vifo. Mwaka 2002 vipimo vya wajawazito kliniki vilionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 22, kilele cha janga lile nchini. Muongo wa 2001 hadi 2011 ulibeba vifo vya watu wazima walioambukizwa miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wengi. Dawa zilipoenea, vifo vikashuka. Kupungua kwa ongezeko katika muongo ule, na kupanda tena baadaye, kwa sehemu ni jambo halisi lililowapata watu halisi.

La pili ni uhamiaji, hasa kutoka Angola na Zimbabwe. Upo, lakini utahitaji wahamiaji wengi mno ili uzibe pengo lote. Hebu tupime. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 5.4 katika utafiti wa 1992 hadi 3.6 katika ule wa 2013. Kwa uzazi wa namna hiyo na vifo vya nchi hiyo, ongezeko la kuzaliwa peke yake ni kama asilimia 2 kwa mwaka, au zaidi kidogo. Ukianza na watu wa sensa ya 2011 na kuwaongeza kwa asilimia 2 kwa miaka 12, unafika milioni 2.69. Zinabaki kama 336,000 hewani. Uhamiaji wa kiasi hicho kwenye nchi ya watu milioni tatu ungeonekana kwa macho katika kila mji wa mpakani.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko linavyopewa, ni kwamba sensa ya 2011 iliacha watu. Rudi nyuma kutoka 2023 kwa asilimia 2.2 kwa mwaka na utaikuta 2011 ikiwa na watu milioni 2.32, yaani 208,000 zaidi ya waliohesabiwa. Sisemi hiyo ndiyo idadi ya walioachwa; ni jaribio la kuona kosa la ukubwa gani lingetosha. Jaribio jingine ni kuiruka kabisa sensa hiyo, na 2001 pia. Kutoka 1991 moja kwa moja hadi 2023 ni wastani wa asilimia 2.4 kwa mwaka, mwendo wa kawaida kabisa kwa nchi yenye uzazi wa namna hiyo. Anayetaka kujua nchi inakua kwa kasi gani atumie 2.4, si 3.0. Kwa kanuni ya 70, ambapo unagawa 70 kwa kiwango cha ongezeko ili ujue miaka ya watu kuwa maradufu, tofauti si ndogo: kwa 2.4 ni miaka 29, kwa 3.0 ni miaka 23. Mtu anayepanga madarasa na zahanati kwa namba ya pili atajenga mapema mno.

Watu huachwaje kwenye sensa? Nchi hugawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu, kila eneo na ramani yake na karani wake. Ramani huchorwa kabla ya siku yenyewe. Banda la mabati lililosimamishwa ukingoni mwa Windhoek baada ya ramani kuchorwa halina eneo. Katika mkoa wa Kunene wafugaji wa Kihimba huhamisha mifugo kufuata malisho, na karani anayefika kwenye boma la juzi hukuta zizi tupu. Kwenye mashamba makubwa ya kusini, kutoka lango la barabarani hadi nyumba ya vibarua ni mwendo mrefu wa gari, na lango linaweza kuwa na kufuli. Mjini kuna chumba cha kijana anayeishi peke yake: anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku, jirani hamjui jina. Nchi yenye watu wachache waliotawanyika ni ngumu kuihesabu kuliko nchi iliyojaa, kwa sababu gharama ya karani hupimwa kwa kilomita na mafuta ya gari.

Watu 3.7 kwa kilomita ya mraba, wapi hasa?

Gawanya watu 3,022,401 kwa eneo la takriban kilomita za mraba 824,000 na utapata 3.7. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa 68. Dar es Salaam peke yake, yenye watu 5,383,728 katika sensa hiyo, inaizidi Namibia nzima kwa zaidi ya watu milioni mbili.

Lakini chukua daladala yenye viti 30 na abiria 10. Wastani ni abiria mmoja kwa viti vitatu, anasa kabisa. Kisha ingia ndani ukute paa linavuja mbele na katikati, na abiria wote kumi wamebanana kwenye viti vya nyuma. Wastani haukudanganya, ila haumhusu hata abiria mmoja aliyemo.

Viti vya nyuma vya Namibia viko kaskazini. Mikoa minne iliyopakana na Angola au kukaa karibu nayo, yaani Ohangwena, Omusati, Oshana na Oshikoto, ina watu 1,142,503. Hiyo ni asilimia 38 ya wananchi kwenye asilimia 10 ya ardhi. Ohangwena ina watu 31 hadi 32 kwa kilomita ya mraba, Oshana 27 hivi. Upande wa pili, Hardap na ǁKharas kusini zinachukua theluthi moja ya nchi na zina watu 216,573 kwa pamoja. Kwenye ǁKharas, mkoa wenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 161,000, hakufiki mtu mmoja kwa kilomita.

Wapo wanaotumia kipimo kingine kinachosaidia zaidi: badala ya kuuliza kilomita ya wastani ina watu wangapi, wanauliza mtu wa wastani anaishi kwenye mkoa wenye msongamano gani. Unazidisha watu wa kila mkoa kwa msongamano wa mkoa huo, unajumlisha, kisha unagawa kwa watu wote. Kwa mikoa ya Namibia ya 2023 jibu ni karibu 11.4, mara tatu ya ile 3.7. Ukishuka ngazi ya chini ya mkoa linapanda zaidi, maana Windhoek, yenye watu 486,169, imo ndani ya mkoa wa Khomas ambao sehemu kubwa ni milima na mashamba ya mifugo.

Kwa nini kule na si huku

Jibu la haraka ni maji, na ni la kweli. Mito inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu: Kunene, Okavango, Kwando na Zambezi kaskazini, Orange kusini. Mingine yote ni mikondo ya mchanga inayopata maji siku chache za mvua. Pwani ya jangwa la Namib hupata chini ya milimita 50 za mvua kwa mwaka. Katima Mulilo, ncha ya kaskazini-mashariki, hupata zaidi ya 600.

Mikoa ile minne haiko kwenye mto mkubwa, na hilo humshangaza anayetazama ramani. Iko kwenye bonde la Cuvelai. Mvua ikinyesha sana Angola, maji hushuka polepole kusini kupitia mamia ya mifereji mipana isiyo na kina, iitwayo oshana. Yanapita, yanaacha samaki, yanaacha majani, yanaacha maji ya visima vifupi. Kwenye vilima vya mchanga kati ya mifereji watu hulima uwele, ambao kwao ni mahangu, na kuweka mazizi. Miaka ya mafuriko makubwa, efundja, shule hufungwa na barabara hukatika. Hata hivyo bila mafuriko hayo pasingekuwa na watu wengi hivyo. Siku hizi bonde linategemea pia mfereji unaoleta maji ya mto Kunene kutoka bwawa la Calueque, ndani ya Angola, hadi Oshakati. Zaidi ya Wanamibia milioni moja wanaishi kwenye ukanda huo ambao maji yake, ya mvua na ya mfereji, yanatoka nchi jirani.

Jibu la pili ni siasa, na huachwa mara nyingi. Kabla ya ukoloni, nyanda za kati zilikuwa na Waherero na ng'ombe wao, na kusini Wanama. Hazikuwa tupu. Oktoba 1904, chini ya utawala wa Wajerumani, Jenerali wao Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Wengi walikuwa wameshasukumwa kwenye jangwa la Omaheke na kuzuiwa kurudi kwenye visima, kisha Waherero na Wanama wakafungwa kwenye makambi, likiwemo la Shark Island huko Lüderitz. Waherero wanakadiriwa kuwa walikuwa kama 80,000 kabla ya vita. Hesabu ya Wajerumani ya 1911 iliwakuta 15,130. Wanama waliokadiriwa kuwa 20,000 walikutwa 9,781. Ardhi yao ikawa mashamba ya walowezi. Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kaskazini hakukuguswa kwa namna hiyo. Wajerumani walitawala kwa polisi sehemu ya kati na kusini. Owambo, yaani eneo la mikoa ile minne, ilibaki nje. Ugonjwa wa sotoka ulipotishia kuingia 1896, mstari wa kuzuia mifugo uliwekwa, ukaja kuwa uzio ambao hadi leo unatenganisha mifugo ya kaskazini na masoko ya kusini. Afrika Kusini ilipotawala, mstari huohuo ukatumika kuzuia watu. Mwanamume wa Kiovambo alivuka kwenda mgodini Tsumeb au Oranjemund kwa mkataba, mke na watoto hawakuruhusiwa kumfuata, na mkataba ukiisha alirudi. Mgomo mkubwa wa Desemba 1971 ndio uliotikisa mfumo huo. Kwa miongo mingi basi, watu waliozaliwa kaskazini walihesabiwa kaskazini kwa sababu sheria haikuwaruhusu kuhesabiwa kwingine.

Sehemu ya historia hiyo inapita Tanzania. SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, ilikuwa na kambi Kongwa, Dodoma, miaka ya 1960, na Wanamibia kama 42,000 waliokuwa uhamishoni katika nchi mbalimbali walirejeshwa nyumbani mwaka 1989, kabla ya uhuru wa tarehe 21 Machi 1990. Kwa nchi ya watu milioni moja na laki nne, hiyo ilikuwa asilimia 3 ya wananchi kushuka kwenye ndege ndani ya miezi michache.

Baada ya kufuli kufunguliwa

Mwaka 1991 mijini waliishi asilimia 28 ya watu. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 43, na 2023 karibu nusu. Windhoek ilikuwa na watu 325,858 mwaka 2011, imeongeza laki moja na elfu sitini. Miji inayoifuata, Rundu na Walvis Bay, ina watu zaidi kidogo ya laki moja kila mmoja, kwa hiyo mji mkuu ni mara nne ya unaoufuata. Mkoa wa Erongo, wenye bandari ya Walvis Bay, uvuvi na migodi ya urani, umekua kutoka 150,809 hadi 240,206, karibu asilimia 60.

Kuna namba moja hapa ninayoiona muhimu kuliko zote na haisemwi sana. Watu waliongezeka kwa asilimia 43 kati ya sensa mbili za mwisho, lakini kaya ziliongezeka kwa kama asilimia 63, kutoka 465,000 hivi hadi 756,000 hivi. Kaya zimekuwa ndogo: vijana wanaondoka nyumbani kwao, wanapanga au wanasimamisha mabati peke yao. Nyumba, mita za umeme, mabomba na vyoo hugawiwa kwa kaya, si kwa kichwa. Halmashauri inayopanga viwanja kwa ongezeko la watu itajikuta nyuma hata kama namba zake za watu ni sahihi. Vitongoji visivyopimwa vya kaskazini mwa Katutura, huko Windhoek, kama Havana, vinaeleweka vizuri zaidi ukianza na hesabu hiyo ya kaya kuliko ukianza na «watu wanazaana sana», maana uzazi wenyewe umeshuka tangu uhuru.

Mji huo wenyewe hauna mto wa kudumu. Tangu 1968 Windhoek inasafisha majitaka na kuyarudisha kwenye mabomba ya kunywa, ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa kiwango cha mji. Kuongezeka kwa wakazi hapo kunamaanisha mitambo zaidi, si visima zaidi tu.

Mambo yanayosemwa ovyo

«Namibia ni ya pili duniani kwa watu kutawanyika, baada ya Mongolia.» Ilikuwa hivyo wakati wa milioni 2.6. Kwa idadi mpya, Australia yenye kama watu 3.5 kwa kilomita ya mraba imepita chini yake. Barani Afrika bado inashika nafasi ya mwisho kati ya nchi huru. Botswana, iliyohesabu watu 2,359,609 mwaka 2022, ina kama 4.1.

«Ni nchi ya Wazungu.» Picha za Swakopmund na majengo yake ya Kijerumani zimechangia hili. Katika sensa ya 2023 waliojitambulisha kuwa Wazungu hawakufika asilimia 2. Nusu ya wananchi ni Waovambo. Mwaka 2011 asilimia 48.9 ya kaya zilitumia Oshiwambo nyumbani, zikifuatiwa na Kinama-Kidamara (11.3), Kiafrikana (10.4) na Otjiherero (8.6). Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi pekee, kilitumika nyumbani katika asilimia 3.4 tu.

«Ardhi ni tele, wanagombania nini?» Hili linahitaji maneno zaidi. Ardhi inayolimika bila kumwagiliwa ni kama asilimia 1 ya nchi. Ukigawa watu kwa hiyo peke yake, msongamano unapanda hadi mamia kwa kilomita ya mraba. Iliyobaki ni ya malisho, na malisho ya kusini ni haba: huko shamba la hekta 10,000 si utajiri wa kupindukia, linaweza kulisha kondoo wa familia moja na vibarua wake, na mwaka wa ukame halitoshi. Tena si kila hekta iko wazi kwa kila mtu. Takwimu za ardhi za 2018 zilionyesha kuwa katika hekta milioni 39.7 za mashamba yenye hati, asilimia 70 zilikuwa bado mikononi mwa waliopendelewa na mfumo wa zamani. Mbuga za taifa na eneo la almasi lililofungwa tangu 1908 pembeni mwa Lüderitz huchukua sehemu nyingine. Kwa hiyo mtu anaweza kusafiri saa nzima asione nyumba, na bado kila kilomita aliyopita ina mwenyewe, na waya pande zote mbili za barabara.

«Mkoa wenye watu wachache hauna sauti.» Hapa mambo ni kinyume katika chombo kimoja. Baraza la Taifa huchukua wajumbe watatu kutoka kila mkoa, mikoa yote 14, bila kujali idadi ya watu. Omaheke yenye watu 102,881 ina wajumbe watatu sawa na Khomas yenye watu 494,605. Bunge lenyewe lina viti 96 vya kuchaguliwa, na hivyo hugawiwa kwa orodha za vyama nchi nzima. Huko hakuna jimbo, kura ya Oranjemund na ya Eenhana zinaingia chungu kimoja. Kuligawa jimbo la kaskazini lililojaa hakuongezi hata kiti kimoja bungeni. Kunaongeza diwani mmoja kwenye baraza la mkoa.